Usinipime, Niulize

"Mume wangu, hebu niambie ukweli. Tumekuja likizo au tumekuja ukaguzi?"

Nilimuuliza hivyo nimesimama mbele ya geti la shule ya msingi, jua la saa nne limenikalia utosini, miguu inawaka kwa ngazi mia mbili na kumi na sita. Ndiyo, nilizihesabu. Mwalimu wa hesabu hapandi ngazi bila kuhesabu. Mji wenyewe ulikuwa milima mitupu juu ya bahari. Ukitaka mkate unapanda, ukitaka ufukwe unashuka, na ukisahau miwani hotelini, basi siku hiyo utatalii kwa kukisia.

"Si unapenda shule?" akanijibu, macho yake yamepita katikati ya vyuma vya geti.

"Nimefundisha miaka kumi na minne. Nimepata siku nne za kupumzika, na wewe unaniletea shule?"

"Ona madirisha yao yalivyo makubwa."

"Nimeyaona."

"Na uwanja. Mtoto anaweza kukimbia mpaka achoke."

"Fundi, bahari iko kule chini. Tumepanda basi saa tisa nzima kuifuata. Twende."

Watu wote humwita Fundi, hata mimi. Kazi yake ni kufunga na kutengeneza lifti kwenye maghorofa ya mji tunakoishi. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kwa mpigo wa nyundo: neno moja, anapumzika, la pili. Akiniita "Mwalimu", ujue mambo ni shwari. Akiniita "mke wangu", ujue kuna kitu kimeharibika na anatafuta pa kuanzia.

Na mimi nilikuwa na furaha zangu, jamani. Mwezi uliopita nilipata barua ya kuteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa sekondari ya wasichana, ileile niliyoanzia kazi nikiwa bado nakosea majina ya wanafunzi. Barua aliisoma Fundi mwenyewe kwa sauti, akapiga makofi, akambeba binti yetu mabegani kuzunguka sebule. Wiki iliyofuata akaja na tiketi mbili za basi.

"Twende tukapumzike kabla hujaanza," akasema.

Miaka kumi na moja ya ndoa hatukuwahi kwenda popote pasipo na msiba au harusi. Nililia. Niliwatangazia majirani, nikawaona wanavyoumia, nikawaacha waumie. Binti yetu wa miaka tisa, tunayemwita Kidoti kwa ile alama ya shavuni, tukamwacha kwa mama mkwe, tukaondoka kama maharusi.

Sasa tazama likizo yenyewe. Siku ya kwanza, kabla hata sijaloweka kidole baharini, Fundi alinipeleka kuona zahanati. "Mapokezi yao hayana foleni," akasema, kama vile nimemwambia naumwa. Kutoka hapo tukaenda sokoni. Kisha tukapita mtaa mmoja wa mteremko wenye nyumba za kibaraza, akasimama kwenye nyumba ya buluu iliyobandikwa karatasi ya kupangisha, akamuuliza mama aliyekuwa anafagia:

"Samahani mama, maji hapa yanatoka kila siku?"

Mtalii gani anauliza habari za maji ya bomba? Na kilichonikera zaidi, huyu mtu alikuwa anajua vichochoro. Tulipofika njia panda mimi nikitafuta kibao, yeye alikwishakata kushoto.

"Uliwahi kufika hapa?"

"Nilipita mara moja. Kikazi."

Nikaliacha lipite. Lakini jioni ile simu yake iliwaka mezani pale hotelini, yeye yuko bafuni, na mimi sikuwa nachungulia. Simu ndiyo iliyonitazama. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyeandikwa *Injinia*:

*"Karibuni sana. Nimefurahi umemleta. Keshokutwa saa tano msikose. Nataka nimwone mwenyewe kwa macho yangu."*

Anione kwa macho yake! Mimi ni kiatu cha dukani?

"Injinia ni nani?" nikamuuliza alipotoka, maji yanamchuruzika.

"Mtu wa kazi."

"Mwanamume au mwanamke?"

Akajifuta uso kwa muda mrefu kuliko uso wenyewe unavyohitaji. "Mama mmoja. Mtu mzima."

"Anataka kuniona mimi kwa nini?"

"Tutamtembelea tu, mke wangu. Utampenda."

*Mke wangu.* Nikajua kuna kitu kimeharibika. Nilijilaza nimemgeuzia mgongo, nikapiga hesabu zangu zote, na kila nilivyozipanga, jibu lilikuwa mwanamke.

Kwa hiyo pale mbele ya geti la shule, siku ya pili, nilikuwa nimeshajaa mpaka shingoni. Fundi alikuwa bado ananionyesha madirisha wakati simu yangu ilipolia. Mama mkwe. Kupokea, ni Kidoti.

"Mama! Umeiona shule yangu?"

"Shule yako si iko huko uliko?"

"Siyo hiyo! Ile yenye uwanja mkubwa. Leo baba atakuonyesha."

Nikamtazama Fundi. Fundi akatazama ngazi.

"Nani amekuambia hiyo ni shule yako, mwanangu?"

"Bibi. Amesema tunahamia huko baba akishakuwa mkubwa wa gari la mlimani. Amesema nisimwambie mtu. Lakini wewe si mtu, wewe ni mama."

Nikasikia kishindo, simu ikahama mikono, sauti ya mama mkwe ikaingia mbiombio:

"Haloo? Haloo, mwanangu? Mtandao huku unasumbua kweli. Hatusikii kitu. Haloo?"

"Mimi nakusikia vizuri sana, Mama."

Ikakatika. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mama mkwe siku hiyo ilikuwa fupi kupita kiasi.

Niliketi kwenye ngazi. Watu walipita na vikapu vyao, wakatukwepa kwa adabu. Fundi akakaa ngazi moja chini yangu.

"Mke wangu..."

"Niite jina lolote lakini hilo liache kwanza. Gari la mlimani ndilo lipi?"

Akanyoosha kidole. Upande wa pili wa bonde, behewa moja jekundu lilikuwa linapanda mlima taratibu juu ya reli, linavutwa na kamba nene ya chuma. Nililiona tangu jana, nikaona ni pambo la mji.

"Wanatafuta fundi mkuu," akasema. "Wameniita mimi."

"Umeshasaini?"

"Bado. Wanataka jibu kesho, mwisho saa sita mchana."

"Mama yako anajua."

"Anajua."

"Mtoto anajua."

"Hilo la mtoto sikulipanga."

"Injinia anajua. Sasa nani hajui? Mimi na kuku wa jirani?"

Hakucheka. Mimi pia sikuwa natania.

"Nilitaka kwanza uupende mji," akasema. "Ujionee kila kitu kipo. Hospitali, soko, nyumba, shule ya mtoto. Halafu ndiyo nikuambie."

"Ndiyo maana unanionyesha kitu kimoja, halafu kingine kizito zaidi?"

"Unajua lifti mpya haibebi watu siku ya kwanza. Tunapakia mifuko ya mchanga. Michache, halafu tunaongeza, tunaongeza, tunaangalia kama inahimili. Ikihimili, ndiyo tunaingiza watu."

Jamani, nilimtazama mume wangu kama mgeni nisiyemjua.

"Kwa hiyo mimi ni mfuko wa mchanga?"

"Hapana!" akaruka. "Wewe si mfuko. Wewe ndiye lifti."

"Fundi!"

"Nilikuwa na maana kwamba..."

"Nimekuelewa vizuri sana. Unanipakia zahanati, unasikiliza kama nalia. Unanipakia nyumba ya kupanga, unasikiliza. Leo shule. Na kesho ungenipandisha kwa Injinia nikiwa nimeshajaa, nisiwe na pa kukatalia." Sauti ilinipanda, mama mmoja mwenye kikapu akageuka. "Na barua yangu je? Ile uliyoisoma kwa mdomo wako ukapiga makofi? Shule inafunguliwa baada ya siku kumi na mbili. Mimi ni mwalimu mkuu. Umeshasahau?"

"Sijasahau."

"Basi kwa nini hukuniuliza?"

Akatazama tena geti la shule. Kisha akasema lile lililoniumiza kuliko yote, na alilisema kwa upole:

"Kwa sababu ningekuuliza, ungesema hapana."

"Ndiyo kazi ya kuuliza, mume wangu! Swali lisilo na nafasi ya hapana si swali, ni tangazo." Nikasimama, nikajikung'uta vumbi. "Mimi si lifti. Usinipime. Niulize."

Nikashuka ngazi zile zote mia mbili na kumi na sita peke yangu, na safari hiyo sikuzihesabu.

Jioni nilikuta amefunga begi langu, tiketi ya kurudi ameiweka juu yake.

"Kama unataka kurudi kesho asubuhi, sitakuzuia," akasema. "Nimekukosea."

"Fungua hilo begi."

"Unasemaje?"

"Nasema lifungue, na gauni langu la maua ulitundike lisijikunje. Kesho saa tano nakwenda kwa Injinia. Alitaka kuniona kwa macho yake, basi na mimi nitamwona kwa yangu. Nataka kusikia umemwambia nini kuhusu mimi."

Akalitundika gauni nje ndani. Hapo nikajua kuna jingine.

Kituo cha gari la mlimani kilikuwa safi mpaka unaogopa kukanyaga. Ukutani kulikuwa na saa kubwa, vifaa vimepangwa kwa ukubwa, kila spana na kivuli chake kilichochorwa. Injinia alitutokea kwa nyuma ya gurudumu kubwa linalozungusha kamba. Mama mwembamba, miwani imepanda kwenye nywele zenye mvi, mikono ina grisi mpaka karibu na viwiko. Nikajionea aibu kwa hesabu zangu za usiku wa juzi.

"Mwalimu!" akasema, akanipa kiwiko badala ya kiganja. "Karibu sana. Fundi ameniambia ulivyokubali kwa moyo mmoja. Nilimwambia, mke wa namna hiyo lazima nimwone, maana wengi huja hapa wananuna mwaka mzima."

Nikageuka nikamtazama mume wangu. Sikumkata jicho, nilimtazama tu. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Ningeweza kumwumbua palepale. Ulimi ulikuwa umeshajipanga. Lakini Injinia akaendelea:

"Na kitu kingine kilichonipendeza ni kwamba alinieleza mwenyewe kwa nini anaacha kazi za ndani ya shimo la lifti. Wanaume huficha. Mtu kusema 'naogopa' mbele ya mkubwa wake wa kazi si jambo dogo. Hapa kwetu hakuna shimo, kila kitu kiko kwenye upepo. Mpandishe mkeo, Fundi, mwonyeshe. Mkishuka tutaandikiana."

Naogopa? Fundi? Mtu anayening'inia ghorofa ya ishirini huku anapiga mluzi?

Tulipanda wawili tu. Behewa likatikisika, likaanza kupanda, na mji ukaanza kushuka chini yetu. Mapaa yalikuwa ya kila rangi, nguo zimeanikwa, bahari imezunguka pande tatu. Kitu nilichokifuata saa tisa za basi kilikuwa mbele yangu chote, na mimi sikukitazama.

"Unaogopa nini?"

Alishika nguzo ya chuma ya katikati ya behewa kwa mikono miwili.

"Mwaka jana, mwezi wa nane. Ule mjengo mpya karibu na benki. Nilikuwa juu ya chumba cha lifti, ndani ya shimo, ghorofa ya kumi na tatu. Umeme ukakatika. Lifti ikaporomoka kidogo, breki zikashika, nikakwama. Saa tatu nzima. Giza, na ile kamba inalia juu yangu. Kila ikilia nasema, sasa."

"Mwezi wa nane? Uliniambia mlichelewa kwa sababu ya foleni ya barabarani."

"Ndiyo."

"Na tangu hapo?"

"Tangu hapo nikichungulia shimo mikono inatetemeka. Siwezi kushika hata bisibisi. Miezi minane nawaachia wenzangu kazi za ndani. Nawaambia nina matatizo ya mgongo."

Nikamgeukia.

"Mgongo? Ule mgongo ninaoukanda kila siku?"

"Ndiyo."

"Kwa ile dawa inayonuka? Inayoniunguza viganja?"

"Mgongo haukuwa na kitu," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ilibidi niseme uongo uleule kazini na nyumbani. Ningekukataza kunikanda, ungejua."

Miezi minane nimekanda mgongo mzima! Nilitaka kucheka, nikataka kumpiga, na kilichotoka kilikuwa kilio. Nililia kwa hasira kwanza, halafu kwa huruma, halafu sijui kwa nini. Nikaona zile siku zote anatoka alfajiri, kimya, chai hajamaliza. Kumbe alikuwa anakwenda kwenye hofu yake kila siku ya Mungu, na mimi nampa dawa ya kukanda.

"Umeweza kumwambia Injinia, mimi ukashindwa?"

"Injinia hanijui. Wewe ulinioa ukiamini mimi ni jasiri."

"Wewe ndiye uliyenioa, acha kubadilisha habari."

Akacheka katikati ya machozi, na mimi nikacheka. Kamasi tupu. Behewa likafika juu, likasimama, mlango ukafunguka. Kulikuwa na uwanja mdogo wa mawe wenye ukuta wa kuegemea. Tukaegemea. Saa yangu ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano.

"Sasa," nikamwambia, "tuna nusu saa. Niulize."

"Nini?"

"Lile ulilopaswa kuniuliza sebuleni. Liulize sasa, kwa mdomo. Na mimi nitakujibu ukweli, na wewe utalisikia jibu lote."

Alijinyoosha. Akavua kofia, sijui kwa nini, labda kwa heshima.

"Mke wangu. Nimepata kazi ninayoiweza. Sitaki kukaa mbali na nyinyi. Nakuuliza: utahamia hapa na mimi?"

"Hapana."

Nilimpenda sana wakati ninalisema. Nataka mlijue hilo, nyie mnaosoma. Neno lilitoka lote.

"Hapana," nikarudia, "kwa sababu ile ofisi nimeifanyia kazi miaka kumi na minne. Kuna wasichana mia nne kule, na nusu yao wameambiwa hesabu si yao. Nina mpango nao. Nikiiacha sasa nitakuchukia, nitakuwa nakupikia huku nakuchukia, na Kidoti atakua anaona. Sitaki."

Akatikisa kichwa polepole. Uso ulikuwa wa mtu aliyekwishaambiwa bei na hana. "Nimesikia. Basi nitamwambia Injinia hapana. Tutarudi."

"Urudi shimoni?"

"Nitazoea."

"Hutazoea! Miezi minane hujazoea. Na mimi sikutaki shimoni hata dakika moja, unanisikia? Sasa tulia, maana na mimi nina swali. Chukua hii kazi. Kaa hapa. Mimi na Kidoti tubaki kule. Kila shule ikifungwa tunakuja. Kila mwisho wa mwezi unapanda basi unakuja wewe. Miaka miwili. Ikiisha, tunakaa chini, tunaulizana upya, na safari hiyo mimi pia naweza kuwa na jibu jingine. Utaweza?"

Akaizungusha kofia mikononi.

"Nyumba bila nyinyi... Sitafurahi."

"Sijakuuliza kama utafurahi. Na mimi sitafurahi. Nimeuliza kama utaweza."

Nikamwona anafikiri kweli, si kutafuta la kunipoza. Kama angesema hapana, sikuwa na hesabu nyingine.

"Nitaweza," akasema. "Lakini kila siku unipigie simu."

"Utanipigia wewe. Mimi ni mwalimu mkuu, nina shughuli."

Tukashuka. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika arobaini na tano. Injinia alikuwa ameshanawa, karatasi ziko mezani, kalamu juu yake. Fundi hakukaa.

"Injinia, kabla sijashika kalamu. Nilikudanganya. Mke wangu hakuwa amekubali. Sikuwahi kumuuliza. Nimemuuliza leo kule juu, na amekataa. Nitakuja peke yangu, familia itabaki kule."

Injinia akavua miwani kichwani, akaivaa machoni, akamtazama hasa.

"Familia yako inakaa wapi, hilo si langu," akasema. "Uongo ndio wangu. Ile kamba inabeba watu arobaini kwa mara moja. Siku ukiona uzi mmoja umekatika, ukaniambia uko salama kwa sababu unataka niupende kwanza, nitafanya nini?"

Fundi akaitazama ile kalamu. Niliona nafasi yake inaondoka hivihivi, na mkono wangu ukamshika shati kwa nyuma. Sikuwa nimemwambia mkono ufanye hivyo.

"Sina la kujitetea," akasema mwishowe. "Nilificha hofu miezi minane, nikaishia kumficha hata mke wangu. Sina nguvu ya kuficha tena. Uzi ukikatika, utausikia kwangu kabla sijanawa mikono. Ukiona haitoshi, nitaelewa."

Mama yule akanigeukia.

"Mwalimu, wewe unamwonaje?"

"Jana nisingekushauri umchukue hata kufagia," nikasema. "Leo nimemsikia akiuliza, akapewa hapana, akabaki amesimama. Mimi ningemchukua. Lakini miezi ya kwanza mtazame kwa karibu."

Akacheka, pua ikakunjamana. Akaandika neno *majaribio, miezi sita* kwa mkono pembeni mwa karatasi, akaisukuma. Fundi akasaini saa sita kasoro dakika tano. Mkono wake ulikuwa umetulia.

Nje, kwenye ngazi za kuelekea ufukweni, nikamwambia, "Bado mama yako."

"Nitampigia tukirudi hotelini."

"Sasa hivi. Na uweke sauti ya juu."

Akapiga. Mama mkwe alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Imekuwaje, mwanangu?"

"Nimepata kazi, Mama."

Vigelegele! Watu wawili ngazi ya chini wakageuka. "Mungu mkubwa! Mnahama lini nianze kufunga vyombo?"

"Nahama mimi peke yangu. Mke wangu anabaki na shule yake."

Vigelegele vikakatika.

"Anabaki? Mke gani huyo anamwacha mume aende peke yake? Hukumwambia kama mambo yameshapangwa?"

Zamani Fundi angesema "tutaongea, Mama" na kukata. Nilimjua. Nilisubiri hilo neno, na halikuja.

"Mama, nilimuuliza, akakataa. Akaniuliza, nikakubali. Ndivyo ilivyo. Tena naomba kitu kimoja: mambo ya nyumba yangu usimpe mtoto ayafiche. Kosa lilikuwa langu, nilianza mimi, lakini liishie hapa."

Nikasikia kwa mbali Kidoti anaimba. Nilijiandaa, maana mama mkwe wangu akianza hana breki.

"Mwenyewe yupo hapo?"

"Yupo. Anakusikia."

"Mpe simu."

Nikaipokea. "Mama, shikamoo."

"Marahaba." Akavuta pumzi. "Mwanangu, mimi na baba yao tulihama mara nne. Kila mara narudi kutoka sokoni nakuta vyombo viko nje, gari linangoja. Mara ya pili nilikuwa nimepata kazi ya ushonaji kwenye kiwanda, nimeshapewa na cherehani yangu. Niliiacha na kitambaa juu yake. Hakuna siku niliyoulizwa. Sikujua kama mtu anaweza kusema hapana, na bado akabaki na mume."

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Sikuwahi kuisikia sauti hiyo. Nilimtazama Fundi, na kwa alivyokunja uso nikajua hata yeye hakuwahi.

"Pole, Mama," nikasema, kisha nikaona pole haitoshi. "Ungeulizwa, ungesema nini?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayefikiria swali kwa mara ya kwanza katika umri wa miaka sabini na moja.

"Ningesema hapana," akajibu. "Zote nne."

Fundi alikuwa ameshakaa kwenye ngazi. Akanyoosha mkono, akaichukua simu kwangu taratibu.

"Mama," akasema, "hebu nisimulie hiyo ya cherehani."

Tukakaa hapohapo, bega kwa bega, tukamsikiliza mpaka salio likaisha.